Mtoto wa mkulima wa tumbaku ndani ya Virginia

Nimekulia Urambo, mkoa wa Tabora. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mabani mawili ya kukaushia tumbaku na mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni usiku wa manane akili inanipeleka moja kwa moja kwa baba, yuko macho, kajifunika koti, anachochea moto maana ukizima tu majani yameharibika na msimu umekwenda. Tuliiita tumbaku ya mvuke, ila kwenye makaratasi ya chama cha msingi iliandikwa Virginia, na mimi miaka yote ya shule ya msingi nilijua Virginia ni jina la mbegu, basi. Sikuwahi kuwaza kama ni mahali, kama kuna watu wanaamka huko asubuhi wanapeleka watoto shule.

Sasa hivi naishi huko huko. Huu ni mwaka wa sita niko Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia, na ukitoka hapa kwa gari ukafuata mto James kuelekea baharini, kama saa moja hivi unafika Jamestown, pale Waingereza walipoanzisha koloni lao la kwanza lililodumu Marekani. Nimeenda kwa mara ya kwanza Julai hii. Kwenye makumbusho ya jirani wamepanda miche ya tumbaku kuonyesha wageni, nikapiga picha nikamrushia baba WhatsApp, hata sijafika kwenye gari kashapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hiyo tumbaku ya nani? Mbona wameiacha ina maua?"

Nikamwambia ni ya maonyesho tu, hawauzi. Akanyamaza kidogo halafu akasema hata kama hawauzi wangekata maua, majani yanakosa uzito yakiachwa hivyo. Ndo baba yangu huyo.

Ile safari haikunitoka kichwani, nikaanza kusoma, usiku baada ya kazi, wikiendi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyogundua kwamba stori ya mwanzo wa Marekani, kuanzia 1607 mpaka wanaandika katiba yao 1787, ukiwa umelelewa kwenye nyumba ya tumbaku unaisoma kwa macho mengine kabisa. Wengine wanaanza na uhuru, kodi, chai iliyotupwa baharini Boston. Mimi kila nilipogeuka nilikutana na kitu kile kile kilichokuwa kinamnyima baba usingizi kuliko hata moto wa bani, yaani deni.

Hebu nianze mwanzo. Mei 1607 wanafika wanaume na wavulana 104, wameletwa na kampuni ya wanahisa wa London iliyopewa kibali na mfalme James wa Kwanza. Walikuja kutafuta dhahabu, hawakuja kulima. Dhahabu hakuna, eneo lenyewe kinamasi, maji ya kunywa yana chumvi, watu wanakufa kwa homa na kuhara. Na nchi haikuwa tupu, ilikuwa na mwenyewe, mtawala aliyeitwa Wahunsenacawh ambaye Waingereza walimwita Powhatan, chini yake kulikuwa na makabila kama 30 na watu wake waliiita nchi yao Tsenacommacah. Chakula cha wageni kwa sehemu kubwa kilikuwa mahindi ya hao wenyeji, kwa kubadilishana au kwa kunyang'anya. Walipokosana kabisa, kipupwe cha 1609 kuingia 1610, ngome ilizingirwa, ndani kulikuwa na watu kama 300 na majira ya kuchipua yalipofika walibaki kama 60. Walikula farasi, mbwa, panya, ngozi za viatu. Mwaka 2012 wachimbaji wa mambo ya kale walipata pale mifupa ya binti wa kama miaka 14 yenye alama za kisu, aliliwa baada ya kufa. Nilisimama pale nikashindwa kusema kitu, ni mtoto wa darasa la saba yule.

Kwa hiyo hesabu ya kampuni ilikuwa hasara tupu, na koloni lingekufa kama sio jamaa mmoja anaitwa John Rolfe. Wenyeji walikuwa na tumbaku yao ila ilikuwa kali, soko la London halikuitaka, London walikuwa wameshazoea tumbaku laini ya Wahispania wa upande wa Trinidad na mto Orinoco, na Wahispania walilinda mbegu yao kwelikweli. Rolfe akaipata mbegu hiyo, akaipanda 1612 kando ya mto James, 1614 mzigo wa kwanza ukaenda Uingereza. Mwaka huo huo alimuoa Pocahontas, binti wa Wahunsenacawh, na kukawa na amani ya miaka michache. Mwaka 1617 Virginia ilisafirisha ratili 20,000, kama tani tisa hivi, na miaka ya 1620 inaisha ilishapita ratili milioni moja. Kwa mtu wa Tabora hizo namba zinaongea, maana kila ratili ni mgongo wa mtu.

Watu waliingiwa na kichaa cha tumbaku. Mwaka 1617 gavana mpya anafika Jamestown anakuta imepandwa mpaka sokoni, mpaka barabarani, majengo yanaanguka hakuna anayejali. Mwaka mmoja kabla ilibidi itolewe amri kwamba hakuna kupanda tumbaku mpaka kwanza upande ekari mbili za mahindi. Nilivyosoma hiyo nikacheka kwa uchungu, kwetu kila msimu bwana shamba alikuwa anapita anasema maneno hayo hayo, jamani limeni na chakula, na kila Januari kuna nyumba zina tumbaku ya kutosha shambani na debe la mahindi wanakopa kwa jirani. Sio ujinga. Ukishakopa mbolea hesabu yako yote inakuwa kwenye lile jani, kila jembe lisilogusa tumbaku unaona kama linakucheleweshea deni.

Tumbaku ikawa ndo pesa yenyewe. Mishahara ya wachungaji, kodi, faini za mahakama, vyote vililipwa kwa ratili. Kampuni ilipoleta wasichana kutoka Uingereza waje waolewe, kuanzia 1620, mwanaume aliyemuoa mmoja alirudisha gharama kwa ratili 120 za tumbaku nzuri, baadaye 150. Na lile bunge lao la kwanza, lililokutana kanisani Jamestown Julai 1619, ambalo Wamarekani wanalitaja kwa fahari kama mbegu ya demokrasia yao, moja ya mambo waliyopitisha ni bei ya tumbaku, shilingi 3 kwa ratili ya daraja la kwanza na peni 18 kwa la pili. Shilingi, hii hii iliyokuja kuishia mifukoni mwetu. Madaraja, haya haya. Nilimsomea baba kwenye simu akasema kumbe na wao walikuwa wanapangiwa.

Wiki chache tu baada ya kile kikao, mwishoni mwa Agosti 1619, meli inaitwa White Lion inatia nanga Point Comfort, leo ni Hampton, na inabadilisha na chakula Waafrika ishirini na kitu. Rolfe mwenyewe ndo aliyeandika habari hiyo kwenye barua. Walikuwa wameporwa baharini kutoka meli ya Wareno iliyotoka Luanda ikielekea Veracruz, Mexico, kwa hiyo walikuwa watu wa Angola, wazungumzaji wa lugha za Kibantu kama sisi. Siku chache baadaye ikaja meli nyingine, Treasurer, na kati ya waliokuwemo yuko mwanamke ambaye jina lake limebaki kwenye orodha ya watu, Angela. Aliishi Jamestown nyumbani kwa Kapteni William Peirce, ambaye alikuwa baba mkwe wa Rolfe, maana Rolfe alioa tena baada ya Pocahontas kufa. Sehemu ya kiwanja hicho imechimbwa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, jua kali, watalii wanapita na chupa za maji, na mimi nawaza huyu mama labda ukimwambia mtu, nyumba, moto, angeelewa neno moja moja la lugha yangu.

Mwanzoni utumwa haukuwa umekaa kisheria kama ulivyokuja kukaa, na hili watu wengi hawalijui. Wafanyakazi wengi wa mashamba walikuwa Waingereza maskini waliosaini mkataba wa miaka minne mpaka saba kulipia nauli ya meli, na wengi walikufa kabla mkataba haujaisha. Baadhi ya Waafrika walipata uhuru na mashamba. Ila polepole mlango unafungwa, sheria baada ya sheria. Mwaka 1640 wafanyakazi watatu wanatoroka pamoja, wanakamatwa, wawili wazungu wanaongezewa miaka, wa tatu John Punch, mweusi, anahukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1662 bunge linapitisha kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, yaani mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana mwenye shamba. Hebu fikiria maana yake, mtu anazaa watoto na wanaingia kwenye hesabu ya mali yake. Mwaka 1667 wakasema ubatizo haumtoi mtu utumwani. Mwaka 1705 wakakusanya zote wakaweka kitabu kimoja.

Katikati hapo kuna uasi wa 1676. Bei ya tumbaku imeanguka, wazungu waliomaliza mikataba hawana ardhi nzuri, ardhi ya wenyeji wanaitaka na gavana Berkeley anawazuia, akatokea Nathaniel Bacon akawaongoza. Kwanza wakaua wenyeji, hata wale waliokuwa marafiki wa koloni, halafu wakageukia serikali, Septemba wakaichoma Jamestown yote. Bacon akafa kwa kuhara damu mwezi uliofuata, ila kundi moja la mwisho kabisa lililokataa kuweka silaha chini lilikuwa la Waafrika 80 na watumishi Waingereza 20, pamoja. Matajiri waliliona hilo, na miaka iliyofuata wakazidi kununua watu kutoka Afrika badala ya kuleta watu wa mikataba, na sheria zikazidi kumtenga mweusi na mzungu maskini.

Na ardhi. Tumbaku inachosha udongo, miaka mitatu minne shamba limekwisha, unafyeka pengine. Kwetu ni miombo ndo inakwenda, kwa mashamba na kwa kuni za mabani. Kwao ilikuwa ni misitu ya Wapowhatan. Machi 1622 Opechancanough, ndugu wa Wahunsenacawh, aliona wazi hawa watu hawataacha kusogea, akapanga mashambulizi ya siku moja yaliyoua walowezi 347, zaidi ya robo ya koloni lote. Alijaribu tena 1644 akiwa mzee sana, wakamkamata, na mwaka 1646 akiwa mfungwa Jamestown askari akampiga risasi ya mgongoni. Naona watu wanapita hapa haraka sana, kana kwamba wenyeji walikuwepo ili wapishe stori iendelee. Walikuwa wanatetea mashamba yao ya mahindi, na mababu zangu wa Unyamwezi walifanya hivyo hivyo Wajerumani walipokuja.

Sasa nifike kwenye deni, maana hapa ndo nilipokaa.

Kwa sheria za usafirishaji za Uingereza za karne ya 17, tumbaku ya Virginia ilitakiwa iuzwe Uingereza au makoloni yake tu, sehemu kubwa ndo ikatoka hapo kwenda Ufaransa na Uholanzi kwa faida ya mwingine. Mkulima mkubwa alikuwa anafunga majani kwenye pipa kubwa la kama ratili 1,000, linaviringishwa barabarani mpaka mtoni, linapanda meli, linakwenda kwa wakala wake London. Bado ni mali ya mkulima mpaka liuzwe. Wakala anatafuta bei, anakata ushuru, nauli, bima, ghala, kamisheni, halafu kinachobaki anamnunulia mkulima vitu alivyoagiza, viti, nguo, vyombo, majembe, na kama hakitoshi anaandika kwenye daftari kama mkopo. Mkulima yuko ng'ambo ya bahari, haoni mzani, haoni mnunuzi, anaona karatasi miezi kadhaa baadaye.

George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa kwenye mfumo huu. Mwaka 1760 anamlalamikia wakala wake wa London, kampuni ya Robert Cary, kwamba vitu anavyoletewa ni vya kizamani, vya kutumiwa na mababu, tena kwa bei ya juu. Mwaka 1764 anaambiwa anadaiwa kama pauni 1,800, mwaka uliofuata anaandika tena kwa uchungu kwamba tumbaku yake inauzwa chini kuliko ya majirani zake. Alikuja kuacha tumbaku shambani kwake Mount Vernon akahamia ngano.

Nilizisoma hizo barua mara tatu. Namkumbuka baba siku ya soko, mwaka mmoja nikiwa darasa la sita, marobota yamepangwa kwa mstari, anapita yule mtu wa kupanga madaraja, anachomoa jani, ananusa, anaandika alama, sekunde kumi kazi ya mwaka mzima imeshapata jina. Marobota manne yalirudishwa mwaka ule. Chama kilishakata mbolea, dawa, kamba, magunia, kuni, na karatasi ya mwisho ilionyesha baba anadaiwa. Alilima, akavuna, akakausha, akauza, na akadaiwa. Alikaa nje mpaka giza, mama akatutuma tukamwite kula, hakuja. Kwa hiyo mtu akiniambia Washington alikasirishwa na kodi ya stempu aliyowekewa na Uingereza, naelewa, ila naelewa zaidi hasira ya mtu anayepokea karatasi ya makato asiyoweza kuipinga.

Walijaribu kujiokoa. Mwaka 1682 bei ilipoanguka watu wa kaunti za Gloucester na jirani waliingia mashambani usiku wakafyeka miche, yao na ya wengine, ili tumbaku ipungue sokoni. Mwaka 1730 wakaweka sheria ya ukaguzi, kila pipa lipite ghala la serikali, baya lichomwe, zuri lipewe hati, na zile hati zikawa zinatumika kama noti. Ni stakabadhi ghalani ile, miaka karibu 300 iliyopita, na kama kwetu kuna walioichukia, na wao walifika mpaka kuchoma maghala.

Halafu kuna kesi ya mchungaji, hii naipenda sana. Mchungaji wa kanisa la Uingereza alilipwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Mwaka 1758 kuna ukame, tumbaku adimu, bei inapanda, bunge la Virginia linasema basi mwaka huu madeni ya tumbaku yalipwe kwa pesa, peni 2 kwa ratili, chini sana ya bei ya soko. Wachungaji wakapeleka malalamiko kwa mfalme, mfalme akaifuta sheria. Mchungaji mmoja, James Maury, akafungua kesi adai tofauti yake, na mahakama ya Hanover ikakubali ana haki, bado tu kupanga kiasi. Desemba 1763 anasimama wakili kijana asiye na jina, Patrick Henry, anasema mfalme anayefuta sheria nzuri za watu wake anageuka dhalimu na anapoteza haki ya kutiiwa. Baadhi ya watu ukumbini wakasema huo ni uhaini. Baraza la wazee likaingia ndani, likatoka, likampa mchungaji fidia ya peni moja. Peni 1! Hiyo ni miaka kumi kabla ya makasha 342 ya chai kutupwa Boston, na chanzo chake ni bei ya tumbaku mwaka wa ukame.

Mwaka 1772 benki zikaanguka Uingereza na Scotland, wafanyabiashara wa London na Glasgow wakabanwa nao wakawageukia wakulima, lipeni sasa. Mwaka 1774 mahakama za Virginia zikaacha kusikiliza kesi za madai, na mwenye deni akapata kupumua. Sisemi walipigana ili wasilipe, hapana, walikuwa na mengi, kodi walizowekewa bila kuwa na mtu bungeni London, ardhi ya magharibi waliyokatazwa kuivuka milima kuifuata 1763, na woga wao wakati gavana Dunmore, Novemba 1775, alipotangaza uhuru kwa mtumwa wa muasi yeyote atakayejiunga na jeshi la mfalme. Mamia walikimbilia kwake, wengi wakafa kwa ndui kwenye meli. Ila Jefferson, aliyeandika tangazo la uhuru la 1776, aliandika miaka kumi baadaye kwamba yale madeni yalikuwa yanarithiwa baba kwa mwana, vizazi na vizazi, mpaka wakulima wakawa kama mali ya nyumba za biashara za London.

Hapo ndo niliweka simu chini nikatembea kidogo. Maana najua anachosema ni kweli, nimekiona usoni kwa baba. Na najua pia kwamba mwaka 1773 baba mkwe wake, John Wayles, alikufa, na Jefferson na mkewe walirithi ardhi, deni kubwa, na watu 135. Neno mali alilitumia kuelezea maumivu yake, na pale pale nyumbani kwake kulikuwa na watu ambao kwao halikuwa mfano wa maneno, ndo hali yao yenyewe, imeandikwa kwenye orodha pamoja na farasi. Deni lilimuuma kweli, na akalibebesha watu wengine. Sijui nimuweke wapi moyoni mwangu, nimejaribu.

Vita vyenyewe vya uhuru navyo viliendeshwa kwa jani. Mwaka 1777 wajumbe wao Paris waliahidi mapipa 5,000 kwa shirika la Ufaransa lililohodhi tumbaku, wakapewa pesa mapema. Mwaka 1781 Waingereza walipita Virginia wakichoma maghala, maelfu ya mapipa yakateketea Petersburg na kwingine. Oktoba hiyo hiyo wakasalimu amri Yorktown, mji wa bandari uliokua kwa tumbaku, karibu kabisa na Jamestown. Mkataba wa amani wa 1783, kifungu cha nne, ukasema wanaodai wasizuiwe kudai. Virginia ikaendelea kuzuia, na hiyo ni moja ya sababu za serikali mpya kuonekana dhaifu, kwa hiyo katiba iliyosainiwa Philadelphia Septemba 17, 1787 na wajumbe 39 ikaweka mikataba ya nje kuwa sheria kuu juu ya majimbo yote. Humo humo wakakataza kodi kwenye mazao yanayouzwa nje, wakaruhusu kuingiza watumwa mpaka 1808, na mtumwa akahesabiwa tatu ya tano ya mtu kwenye kugawa viti vya bunge. Mwaka 1796 Mahakama Kuu ikaamua madeni ya zamani yalipwe. Aliyewatetea wadaiwa ni John Marshall, ambaye alishindwa, na baadaye akawa jaji mkuu wa mahakama hiyo hiyo. Mwisho wake, mwaka 1802, serikali ya Marekani ilikubali kulipa Uingereza pauni 600,000 kumaliza shauri.

Jefferson alikufa Julai 4, 1826, anadaiwa zaidi ya dola 100,000. Januari iliyofuata, kwenye baridi, watu 130 waliwekwa mnadani nyumbani kwake Monticello kupunguza deni lake.

Wiki iliyopita nilimpigia baba nikamsimulia yote haya, akanisikiliza, yeye sio mtu wa kukatiza. Kitu kimoja tu alirudia kukiuliza, hii ya mvuke, ya njano, nayo ni ya hao wa zamani? Nikamwambia hapana, hao walikausha kwa hewa na moshi. Hii yetu inasimuliwa ilianza 1839, North Carolina, jirani tu na hapa, kwenye shamba la mtu aliyeitwa Slade, kulikuwa na mtumwa anaitwa Stephen, mhunzi, aliwekwa achunge moto wa bani usiku. Akapitiwa na usingizi. Akashtuka moto unakaribia kuzima, akakimbilia mkaa wake wa kufulia vyuma akautupia mwingi, joto likapanda ghafla, na asubuhi majani yametoka ya njano, yanang'aa, ikawa ndo tumbaku ghali kuliko zote.

Baba akakaa kimya, nikasikia ndoo inawekwa chini, alikuwa kitaluni anamwagilia.

"Alikuwa amechoka huyo kijana," akasema. "Moto wa bani unataka watu wawili, mmoja alale mmoja akae. Mimi nilikuwa napokezana na mama yako."